Kaa Benchi Kwanza: Kwa Wewe Unayeanza Hollow Knight

Majuzi mpwa wangu alinipigia simu kutoka Kayole saa nne usiku. "Anti, huyu mwenye rungu ameniua mara kumi na moja. Nadhani laptopu ina shida." Laptopu haikuwa na shida. Nilimwambia anisimulie anachofanya tangu mlango unapojifunga nyuma yake, pigo kwa pigo, na kabla hajafika mbali nikawa nimeelewa: alikuwa anapiga bila kutazama. Mimi nilianza gemu hii mwaka 2019 na nikacheza hivyo hivyo mwezi mzima, kwa sababu sikuwa na mtu wa kunishika mkono. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa kuambiwa wakati ule.

Hollow Knight ni kazi ya Team Cherry, kikundi kidogo cha Adelaide, Australia. Mwaka 2014 watu wa kawaida waliwachangia zaidi ya dola 57,000 za Australia, na Februari 2017 gemu ikatoka kwenye kompyuta. Wewe ni mdudu mdogo mwenye kinyago cheupe, silaha yako ni msumari, na unashuka chini ya ardhi kwenye ufalme uliokufa unaoitwa Hallownest. Hakuna mshale wa kukuonyesha uende wapi. Hapo ndipo wengi niliowapa waijaribu huachia. Sisi wa mitaa hii tumekulia kwenye vibanda vya pleisteshoni: unalipia mechi, unacheza, kipenga kinalia, unampisha anayefuata. Huku hakuna kipenga. Unaweza kuzunguka saa nzima usimpige bosi, yaani adui mkubwa, hata mmoja, na bado saa hiyo ikawa umeitumia vizuri.

Mashine isikutie wasiwasi. Yangu ni ya mitumba, niliinunua Luthuli Avenue, ina RAM ya gigabaiti 4 na haijawahi kuniangusha kwenye gemu hii. Kibodi inatosha: mishale kutembea, Z kuruka, X kupiga, A kujiponya. Ukipata padi, vema, vidole vitapumzika. Ila usicheze bila kitu cha masikioni. Nyumba yangu iko kando ya barabara, matatu zinapita na muziki wao hadi usiku wa manane, na nilipoanza kuvaa vya masikioni ndipo nilipogundua nilikuwa nimekosa nusu ya gemu. Kuna viwavi 46 waliofungiwa ndani ya mitungi kote Hallownest, na kila mmoja analia. Kilio hicho mara nyingi ndicho kinachokuambia kwamba ukuta ulio mbele yako una chumba nyuma yake. Mchora ramani naye, Cornifer, huimba peke yake kwa sauti ya chini akifanya kazi. Ukiona karatasi zimetapakaa sakafuni na ukasikia mtu anaimba, yuko karibu, mtafute.

Sasa tuongee kuhusu ramani, maana hapa ndipo watu wanakata tamaa.

Ukiingia eneo jipya huna ramani kabisa. Lazima umpate Cornifer humo humo ndani, umlipe. Ile ya Forgotten Crossroads, eneo la mwanzo, ni geo 30 tu; geo ndiyo pesa ya huko. Na ukishainunua, haijichori yenyewe. Rudi juu kijijini Dirtmouth, mkewe Iselda ana duka. Nunua kalamu kwa geo 120, kisha dira kwa 220. Kalamu ndiyo inayoongeza vyumba ulivyopita, na huongeza pale tu unapoketi kwenye benchi, mahali pa kupumzikia ambapo safari yako huhifadhiwa. Dira ni hirizi inayokuonyesha uko wapi. Nimewaona watu wakidharau vitu hivi viwili wakisema wanaweka pesa ya vitu vya nguvu. Tafadhali usifanye hivyo. Msumari mkali haumsaidii mtu asiyejua alipo.

Mgeni akishuka Machakos Country Bus, stendi ya mabasi ya Nairobi, kwa mara ya kwanza anajua njia moja tu: kufuata umati kuelekea mjini. Akipotea, anarudi hadi pale pale aliposhukia, aanze upya. Baada ya miezi michache anajua kichochoro cha kumtoa River Road hadi Kirinyaga Road bila kupita kwenye msongamano, anajua duka gani lina mlango wa mbele na wa nyuma, anajua lango gani hufungwa jioni. Mji haukubadilika. Hallownest inakufundisha kwa njia hiyo hiyo. Utapita mahali pana ukuta mrefu usioweza kuupanda, au maji ya asidi, au chumba chenye giza totoro, na utadhani umekosea. Hujakosea. Hapo ni lango ambalo ufunguo wake uko mtaa mwingine. Ukuta unataka makucha ya Mantis Claw, ambayo yako Fungal Wastes. Giza linataka taa, nayo inauzwa dukani kwa Sly kwa geo 1,800, ukishamkuta chini kule na kumrudisha kijijini.

Kwa hiyo weka daftari. Ninasema daftari la karatasi, lile la kurasa 48 la shuleni, kando ya kibodi. Kila unapokwama andika mahali na sababu kwa maneno machache: "Greenpath, kushoto chini, asidi." "Crossroads, juu kulia, ukuta." Usiandike hadithi. Siku utakayopata uwezo mpya, fungua daftari, utakuwa na safari tano zinazokungoja, na furaha ya kurudi mahali palipokushinda ukapapita kwa mruko mmoja sina namna ya kuieleza. Nilipopata makucha nilirudi hadi Crossroads kwa ajili ya ukuta mmoja tu, na nyuma yake nikakuta kitu ambacho sitakuambia.

Haya, kifo. Utakufa, na kuna hesabu ambayo ni lazima uijue. Unaanza na vinyago vitano, ndiyo uhai wako. Kila pigo lako likimpata adui linakupa roho 11, yaani nguvu ya kujiponya, na chombo chako kinabeba 99. Kujiponya kinyago kimoja kunakula 33. Maana yake ni kwamba mapigo matatu yaliyoingia ni kinyago kimoja kilichorudi, na chombo kikijaa unaweza kujiponya mara tatu. Lakini kujiponya kunakutaka usimame tuli karibu sekunde nzima ukiwa umeshikilia kitufe. Ukiguswa katikati, umepoteza. Wanaoanza hujiponya wakiogopa, adui akiwa juu yao. Jiponye adui anapokuwa mbali au amemaliza pigo lake kubwa, hata kama umebaki na vinyago vitatu na hujaona haja.

Ukifa, kivuli chako kinabaki pale ulipofia kikiwa na geo zako zote, na chombo chako kinapasuka kisibebe zaidi ya roho 66. Ukikifikia kivuli na kukipiga, unarudishiwa vyote. Ukifa tena kabla hujakifikia, zile geo za kwanza zimekwenda.

Niliwahi kuwa na geo 1,640. Nilikuwa naiwekea ile taa ya Sly, zikibaki 160. Nikafia Fungal Wastes nikiwa na kinyago kimoja, kwa sababu nilitaka kuona tu chumba kimoja zaidi kabla ya kwenda kulala. Nikainuka kwenye benchi nikakimbia. Sikumtazama adui yeyote, niliruka tu, na mruko wa tatu ukaniangusha kwenye miiba, nikatoka hapo nimepungukiwa, nikaingia mlango wa pili, nikafa vyumba viwili kabla ya kivuli changu. Nilizima mashine nikakaa gizani. Kilichoniuma ni kile nilichokuja kujua baadaye: kivuli hakina saa. Kinakungoja siku mbili, kinakungoja wiki, hakiondoki hadi ufe tena. Hakukuwa na sababu yoyote ya kukimbia.

Tangu siku ile nina mazoea mawili. Kabla ya kuingia popote ninapopashuku, natumia geo zangu. Pesa iliyogeuka kuwa ramani au hirizi haichukuliwi na kifo. Na nikifa, kabla sijabonyeza chochote, nataja kwa sauti kilichoniua. Si "bosi". Nasema "niliruka mapema", au "nilipiga la tatu badala ya kurudi nyuma". Usipoweza kutaja, basi hukuona, na raundi inayofuata nenda ukaone tu.

Hapo ndipo tunarudi kwa mpwa wangu. Jumapili alikuja kwangu Umoja na laptopu yake mgongoni. Yule mwenye rungu anaitwa False Knight, ndiye bosi wa kwanza mkubwa unayekutana naye, amevaa vazi la chuma na anaijaza nusu ya skrini. Nilimwambia: "Raundi tatu za kwanza, usiguse X. Kaa hai tu." Alinitazama kama nimemnyima chakula. Lakini alikubali, mkono wa kushoto juu ya Z, nami nikamwambia ataje.

"Anaruka," akasema. "Ametua. Anainua rungu. Amepiga." Wimbi likatambaa sakafuni kumfuata, likamwondolea kinyago. "Kuna wimbi, Anti."

"Limekuja lini?"

"Akipiga chini. Siyo akiruka."

Raundi ya pili aliruka juu ya kila wimbi. Raundi ya tatu alianza kunyamaza, na macho yake hayakuwa tena kwa mdudu wake mdogo bali kwa mabega ya yule jitu. Nilifurahi sana kuona hivyo, maana hapo ndipo mambo hubadilika. Ukijitazama mwenyewe, kila pigo linakushtua. Ukimtazama adui, anakuambia mapema anachotaka kufanya. Ndipo nikamruhusu kupiga, kwa sharti: rungu likigonga chini, piga mara mbili, kisha ondoka. Mara mbili, hata kama unaona nafasi ya la tatu. Baada ya mapigo ya kutosha jitu likaanguka, vazi likafunguka, na kichwa laini cha funza kikachungulia. Hapo piga uwezavyo. Akiinuka anakuwa na hasira na vitu vinadondoka kutoka darini, na mpwa wangu akafa hapo mara moja. Raundi iliyofuata alimmaliza. Hakupiga kelele. Aliweka mikono magotini akapumua.

Hornet, utakayekutana naye Greenpath, ana kasi kuliko huyo, lakini hupiga ukelele kabla ya kushambulia. Huyo mjifunze kwa masikio.

Kuna wakati kutazama pekee hakutoshi, na si vibaya kuondoka. Bosi akikushinda mara kumi na ukaona mikono imeanza kukimbia mbele ya macho, funga daftari lako hapo, nenda kwingine. Msumari wako wa mwanzo unaumiza kwa 5. Fundi aliye City of Tears anaunoa mara ya kwanza kwa geo 250 ukawa 9. Adui mwenye uhai wa 40 uliyekuwa ukimpiga mara nane, sasa mapigo matano yanamtosha. Ni mapigo matatu ambayo hukulazimika kumkaribia. Vivyo hivyo na hirizi: unaanza na matundu matatu tu ya kuzivalia, na unaweza kuzibadilisha ukiwa umeketi kwenye benchi peke yake. Ukiwa unatalii, vaa dira. Ukienda kwa bosi, ivue, maana chumba cha bosi hakina mahali pa kupotelea, na tundu lile lifanyie kazi nyingine.

Jizoeze pia kupiga chini ukiwa hewani. Ukimpata adui, au hata miiba yenyewe, unarushwa tena juu. Tafuta mdudu asiye na madhara makubwa pale Crossroads, udunde juu ya kichwa chake na vya wenzake dakika kumi kila siku kabla hujaanza safari. Mimi sioni uwezo mwingine wa mwanzo unaolipa kama huo, na wala hauuzwi.

Wengine wamefika hapa kwa sababu ya Silksong, gemu ya pili inayoifuata hii, iliyotoka tarehe 4 Septemba 2025 baada ya kungojwa tangu ilipotangazwa Februari 2019. Ushauri wangu ni uanze na hii ya kwanza. Silksong ina maadui wengi wanaokuondolea vinyago viwili kwa pigo moja, na inakudai haraka ambayo vidole vyako havijaipata bado.

Na stima. Sote tunajua jioni za mvua zilivyo. Umeme ukikatika katikati ya safari, ukiwasha tena unainukia kwenye benchi ya mwisho uliyoketi, hata kama ulikuwa umeshafika mbali. Kwa hiyo ukisikia mvua inaanza kwenye mabati, au taa ya jikoni ikipepesa, acha kila kitu utafute benchi. Na ukipita karibu na benchi bila haja yoyote, keti. Ramani itajichora, vinyago vitajaa.

Jana usiku mpwa wangu alinitumia picha ya daftari lake. Ukurasa mzima umejaa mishale ya kalamu ya bluu, na pembeni ameandika: "Hapa kuna mtu analia nyuma ya ukuta. Kesho."