Triathloni fupi kwa watu wa Nyanda za Juu: mguu upo, kazi iko majini

Mtu anayekimbia kila asubuhi kutoka Uyole kwenda Nsalaga, au anayepandisha kilima cha Ipogolo kuingia Iringa mjini, ana pafu na mguu wa kutosha kumaliza triathloni fupi. Masafa yake ni kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kisha kukimbia kilomita 5, yote mfululizo bila saa kusimama katikati. Ni nusu ya masafa ya Olimpiki, ambako mchezo huu uliingia Sydney mwaka 2000. Kinachomwangusha mtu wa huku ni mita 200 za kwanza ndani ya maji, na baada ya hapo baiskeli aliyoazima siku tatu kabla.

Piga hesabu kabla ya kupanga mazoezi. Anayeogelea mita 100 kwa dakika 2 na sekunde 30 atatoka majini kwenye dakika ya 19 hivi. Baiskeli kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa ni dakika 48. Mbio kwa dakika 6 kila kilomita ni dakika 30. Ongeza dakika tatu na nusu za kubadilisha vifaa, jumla ni kama saa 1 na dakika 40. Sasa angalia muda uko wapi. Ukipunguza sekunde 15 kwa kila kilomita ya mbio, jambo linalochukua miezi, unapata dakika 1 na robo tu. Ukitoka kilomita 25 kwa saa hadi 27 kwenye baiskeli, unapata dakika tatu na nusu. Ukitoka dakika 3 hadi 2 na nusu kwa kila mita 100 majini, unapata karibu dakika 4, na unatoka majini ukiwa bado na nguvu.

Kwa hiyo ukiwa na wiki 10 na siku 6 za mazoezi kila wiki, gawanya hivi: siku tatu za maji, mbili za baiskeli, moja ya mbio. Mkimbiaji atalalamika kwamba siku moja ya mbio haitoshi. Inatosha, kwa sababu siku moja ya baiskeli itamalizikia na mbio, kama tutakavyoeleza.

Maji

Mabwawa mengi ya hoteli zetu ni mafupi. Bwawa la mita 15 linakudai uende mara 50 kutimiza mita 750, na kila unapogeuka unasukuma ukuta na kupumzika kidogo bila kujijua. Ziwani hakuna ukuta. Usiende ziwani mpaka uweze kuogelea mita 1,000 bwawani bila kusimama.

Kosa kubwa la wanaojifunza kuogelea ukubwani ni kubana pumzi. Uso ukiwa ndani ya maji wanafunga mdomo, kisha kichwa kikitoka wanataka kutoa na kuvuta hewa kwa mara moja, na muda hautoshi. Hewa chafu inabaki kifuani, na hiyo ndiyo inayoleta hisia ya kukabwa ingawa mapafu yamejaa. Dawa yake ni kutoa pumzi majini, polepole, kwa pua na mdomo, muda wote uso ukiwa chini. Ukigeuza kichwa kazi ibaki moja tu, kuvuta. Simama kwenye maji ya kifuani ulifanye hilo mara 20 mfululizo kabla ya kila zoezi. Mtu akilimudu, nusu ya hofu huondoka.

Kosa la pili ni kuinua kichwa kutazama mbele. Kichwa kikipanda miguu inazama, na sasa unaburuta mwili mzima. Tazama chini, acha maji yafike katikati ya utosi. Miguu ipige kidogo tu, kwa kuwa ina kilomita 25 mbele yake. Mtindo wa chura unaruhusiwa, kama mtindo mwingine wowote, lakini unachosha mapaja utakayoyahitaji kwenye baiskeli, na teke lake linampata wa jirani. Utumie kupumzika au kutafuta njia.

Usikate tamaa ukihema sana kwenye bwawa la Mbeya. Jiji liko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na maji yake ni ya baridi. Matema, wilayani Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, iko chini ya mita 500. Pumzi huko ni nyepesi na maji ni ya uvuguvugu, hivyo suti ya mpira haina kazi.

Kwa Nyanda za Juu Kusini, Matema ndipo mahali pazuri zaidi pa kujifunza maji ya wazi. Wa Iringa wanaofikiria bwawa la Mtera waachane nalo kabisa, lina mamba na viboko. Na hata Nyasa ina masharti yake. Kaa mbali na midomo ya mito, kama pale Lufilyo inapoingia ziwani, kwa sababu mamba hukaa huko. Waulize wavuvi wa siku hiyo, si mtu wa hotelini. Usiogelee peke yako hata kama unajiamini. Mlipe mwenye mtumbwi awafuate kwa umbali wa mita chache, na kila mwogeleaji afunge kiunoni boya la rangi kali. Ingieni asubuhi na mapema. Kuanzia Mei hadi Agosti mwera unavuma kutoka kusini-mashariki na una urefu wa ziwa zima wa kukuza mawimbi kabla haujafika Matema, na mchana huwa mkali zaidi.

Siku ya mashindano kundi likiingia kwa pamoja, mapigo ya moyo hupanda hata kwa mzoefu. Sababu yake ya kawaida ni kuanza kwa kasi. Simama pembeni au nyuma, waache wenzako watangulie kwa sekunde 10, kisha anza kwa mwendo unaoona ni wa polepole mno. Hofu ikija, geuka ulale chali, toa pumzi ndefu mara tano. Unaweza pia kushika boya au mtumbwi uliosimama, kanuni zinaruhusu mradi usivutwe kwenda mbele.

Kila baada ya mikono 8 hadi 10 inua macho kutafuta mwelekeo, macho tu yatoke kama ya mamba, kisha ugeuze kichwa pembeni kuvuta hewa. Boya hufichwa na wimbi, kwa hiyo kabla ya kuanza chagua kilele au korongo kwenye milima ya Livingstone lililo mstari mmoja na boya, uelekee hilo. Mkanda wa miwani uvaliwe chini ya kofia ili teke la mtu lisiing'oe. Paka mafuta ya mgando shingoni na kwapani, ila yasiguse vidole, yatahamia kwenye kioo cha miwani na hutaona kitu.

Baiskeli

Huhitaji baiskeli ya mashindano. Baiskeli ya milimani ya mtumba yenye fremu inayokutosha inamaliza kazi, ukibadilisha kitu kimoja: tairi zenye meno. Weka tairi laini za inchi 26 kwa 1.5, uzijaze upepo karibu na kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni. Mabadiliko hayo yanakupa mwendo kuliko kifaa kingine chochote cha bei hiyo. Baiskeli ya mizigo isiyo na gia inawezekana, lakini rimu zake za chuma zikilowa breki hazishiki vizuri, na Kyela ni nchi ya mvua.

Kuwa mwangalifu na saizi. "28" ya baiskeli ya mizigo ni tairi ya milimita 635, na "28" ya baiskeli ya mbio ni 622. Hazivaani. Hata 26 ziko zaidi ya moja: ya milimani ni 559, ya baiskeli za kawaida yenye 1⅜ ni 590. Soma namba hiyo ndogo kwenye tairi kabla ya kununua, usimwachie muuza duka akadirie kwa macho.

Cheni ipime kwa rula. Pingili 12 kamili (ya ndani na ya nje zikihesabiwa moja), kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, cheni ikiwa mpya ni milimita 305. Ikifika 307 au 308 imechoka. Ukiiacha inakula meno ya gia za nyuma, na ukija kuweka mpya juu ya meno yaliyolika itaruka kila ukikanyaga kwa nguvu. Ilainishe kwa tone moja kwenye kila pingili, subiri, kisha ifute kwa kitambaa mpaka nje ikauke. Oili chafu ya gari inashika vumbi na kusaga kila kitu.

Kiti kipandishwe hadi kisigino kikiwa juu ya pedeli iliyo chini kabisa mguu unyooke wote. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo goti litabaki limekunjwa kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Kiti kilicho chini ndicho kinacholeta maumivu ya mbele ya goti ambayo wengi huyalaumu mbio.

Jambo ambalo watu wa milimani hulikosea ni hili: wanadhani kwa kuwa wanapanda barabara ya Chunya, kilomita 20 za tambarare ni mteremko. Mlimani unakanyaga, halafu unateremka ukipumzika. Kwenye tambarare ya Kyela, kati ya mashamba ya mpunga na kakao, hakuna pa kuacha kukanyaga hata dakika moja. Zoezi lake ni dakika 20 za kukanyaga bila kukatisha, mara mbili, kwenye mwinuko mdogo, gia nyepesi, mguu mmoja ukizunguka mara 20 hadi 22 kwa sekunde 15. Lifanye mbali na barabara kuu ya Tunduma. Malori ya Zambia na Kongo hayana nafasi ya kukukwepa.

Kufuata mgongo wa mwenzio ili akukingie upepo hukatazwa kwenye mashindano mengi ya wasio wa kulipwa. Uliza umbali unaotakiwa, mara nyingi ni mita 10 au zaidi.

Kubadilisha

Kilicho muhimu hapa ni mpangilio. Helmeti iwekwe juu ya usukani, mdomo wazi ukitazama juu, mikanda ikining'inia nje. Ifunge kabla ya kugusa baiskeli, na usiifungue mpaka baiskeli imerudi mahali pake. Wengi huadhibiwa kwa hilo tu. Tumia viatu vya kukimbilia na pedeli za kawaida, ubadilishe kamba za viatu kwa lastiki ya fundi cherehani, ili mguu uingie bila kufunga. Mchanga wa Matema ukiingia kwenye soksi utakutoa lengelenge kabla ya kilomita ya pili ya mbio, kwa hiyo weka chupa ya maji ya lita 1.5 ya kusuuzia miguu na taulo dogo la kukanyaga. Namba ishone kwenye mkanda wa lastiki, uvae kiunoni. Kisha tembea njia yote kwa miguu asubuhi hiyo: unaingilia wapi, unatokea wapi, baiskeli yako ni ya ngapi kutoka kwenye alama isiyohamishika. Panda baiskeli baada ya mstari wa kupandia, shuka kabla ya ule wa kushukia.

Mbio na chakula

Miguu itakuwa mizito ukishuka kwenye baiskeli. Hiyo ni kawaida, misuli bado inazunguka. Kilomita ya kwanza piga hatua fupi, sekunde 15 hivi taratibu kuliko kawaida yako. Mwili unalizoea hili kwa mazoezi: mara moja kwa wiki endesha dakika 30 hadi 40, shuka, kimbia dakika 10 palepale.

Kutoka baridi ya Mbeya kwenda joto la Kyela ni mabadiliko makubwa, na mwili huhitaji siku 7 hadi 14 kulizoea. Kama huna siku hizo, punguza mwendo na kunywa mapema. Kwenye lita moja ya maji weka gramu 60 za sukari, yaani vijiko 5 vya chakula vilivyosawazishwa, robo kijiko cha chai cha chumvi, na limao. Nusu lita inatosha kwenye baiskeli. Mashindano yakianza saa 1 asubuhi, kula saa 10 alfajiri: viazi vya kuchemsha au ndizi, na chai. Maharage yasubiri.

Usiku lala ndani ya chandarua. Mtu wa Makete au Njombe anasahau malaria kwa kuwa kwao mbu ni wachache, lakini Kyela wapo.

Ziwa Nyasa lina kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa maji yaliyotulia yenye majani, na hupenya ngozi kwa dakika chache, hasa jua likishapanda. Kuogelea mapema, mbali na matete, kunapunguza hatari bila kuiondoa, na taulo halikuokoi. Usikimbilie dawa kesho yake, kwa sababu minyoo ikiwa michanga dawa haiimalizi vizuri. Nenda hospitali wiki 6 hadi 8 baada ya kutoka majini, mweleze daktari kwamba uliogelea Nyasa, upimwe na kupewa prazikwanteli kwa kipimo cha uzito wako. Ukiona damu kwenye mkojo au choo kabla ya hapo, au homa isiyoeleweka, usisubiri wiki hizo ziishe.