Soksi ya tyubu

Jumamosi iliyopita nimemwona dogo mmoja anaipiga amplifaya makofi. Amplifaya ya tyubu, zile chupa za kioo zenye waya unaowaka ndani, imewaka dakika ishirini, EL34, yaani tyubu zake kubwa, zimeiva kama makaa, na yeye anaichapa ubavuni kama televisheni ya bibi yake ili mkwaruzo uondoke. Nikanyamaza. Akaizima, akafungua mgongo, akashika tyubu kwa vidole vitupu, akaruka. Hapo nikacheka, Mungu anisamehe. Lakini alipotoa soksi kwenye begi, akamwaga tyubu sita mezani, nyingine zinang'aa, nyingine zimevaa vumbi, akauliza, "Braza, nichomeke ipi?" kicheko kikaniisha, nikafoka. Soksi kama ile niliwahi kuwa nayo.

Haya, wadogo zangu mnaobeba vyombo, sogeeni.

1. Jua kwanza inayoumwa ni ipi. Mkwaruzo, mluzi, kelele inayokuja ukigusa kabati: mara nyingi hiyo ni ECC83, tyubu ndogo, siyo zile kubwa. Washa, weka volyumu ya kati, gonga moja moja kwa penseli ya mbao. Itakayolia kwenye spika ndiyo hiyo. (ECC83 na 12AX7 ni kitu kimoja. Kuna mtu alinunua zote mbili "ili alinganishe". Simtaji, anasoma hapa.) Tyubu kubwa zikichoka zinalegea tu: besi inakuwa uji, solo haitoki mbele, kila wiki mnaongeza volyumu na kumlaumu mpiga gitaa. Mwanga wa buluu kwenye kioo usiwatishe. Cha kutisha ni bati la ndani kuwa jekundu, au ile rangi ya fedha ya juu kugeuka nyeupe kama maziwa. Hiyo imeingiza hewa, zikeni.

2. Tyubu kubwa hununuliwa jozi iliyopimwa pamoja, na ukishabadilisha unapima bayasi, yaani umeme unaopita kwenye tyubu wakati hakuna anayepiga. "Imeingia kwenye soketi" siyo hoja, maana hata 6L6, tyubu ya aina nyingine, inaingia. Wati 25, kikomo cha EL34, chukua asilimia 70, gawanya kwa volti za pleti (lile bati la ndani): kwenye volti 450 ni kama milliampia (mA) 39 kwa kila tyubu, usivuke hapo. Wenye amplifaya za Vox AC30 hamna cha kurekebisha, ila EL84, tyubu zenu za kusukuma spika, zinafanya kazi kwenye moto mkali, kwa hiyo mtanunua mara nyingi kuliko sisi. Na kuchomoa waya ukutani hakujaua umeme wa ndani: kapasita, vile vifaa vya kuhifadhi umeme, zimeushika. Aliyenifundisha alikuwa anapima mkono mmoja ukiwa mfukoni, na kapasita hazijamwua.

3. Spea. Hapa niacheni niseme.

Mwaka 2009, Iddi Pili, Morogoro, ukumbi umejaa hadi madirishani. Fundi mitambo ni mimi, na nilikuwa na uchoyo mmoja: tyubu nikiitoa, siitupi. "Bado inapiga," najiambia, naitia kwenye soksi pamoja na mpya, bila alama, bila tarehe. Saa sita usiku, katikati ya sebene, amplifaya ya solo, wati 50, ikaanza kunguruma kama lori linalopanda Kitonga. Nachungulia nyuma: EL34 moja, bati jekundu. Nikazima, nikaingiza mkono kwenye soksi gizani, nikachagua iliyong'aa zaidi. Kung'aa! Ndicho kipimo nilichotumia, na mita ipo kwenye begi. Kumbe ni ile niliyoitoa mwenyewe miezi minane nyuma kwa sababu ilikuwa inapiga shoti ikishapata moto.

Wimbo wa kwanza, salama. Wa pili, pap, kimya. Fyuzi ya nyuma, ya 500 mA, imekwenda. Nina tyubu saba na sina fyuzi hata moja. Mpiga solo wetu, mzee asiyepandisha sauti, akanisogelea: "Mwanangu, vipi?" "Dakika moja tu, mzee." Nikaomba pakiti ya sigara kwa mlinzi wa mlangoni, nikachana ile karatasi ya fedha, nikaizungushia fyuzi iliyokufa. Amplifaya ikafufuka. Watu wakashangilia, nami nikasimama kando ya jukwaa nimekunja mikono kama injinia aliyemaliza daraja. Sitawadanganya, dakika ile niliifurahia sana.

Nyimbo mbili baadaye ikaja harufu. Vanishi ya transfoma ikiungua huwezi kuifananisha na mishikaki, ingawa mpiga ridhimu alijaribu. Fyuzi ilikuwa imeniambia kuna shoti, mimi nikaiziba mdomo, moto ukahamia kwenye transfoma ya spika. Jozi ya tyubu ingekula mshahara wangu wa wiki. Transfoma ilikula wa miezi mitatu, ukikatwa kidogo kidogo. Kwanza tuliipeleka kwa fundi anayesuka mota. Alijitahidi, ila ilirudi na sauti ya mtu mwenye mafua, ikabidi tuagize nyingine nje. Muda wote huo mzee alipigia amplifaya ya kukodi, na hakunigombeza hata siku moja. Afadhali angenitukana. Mpaka leo tukikutana ananyoosha mkono: "Nipe sigara." Hajavuta tangu azaliwe.

4. Kwa hiyo begi liwe na jozi moja mpya ya tyubu kubwa, ECC83 mbili, na fyuzi tano za kila saizi iliyoandikwa nyuma ya amplifaya yako, siyo ya jirani. Spea mpya ipigie mazoezi mara moja kabla ya kuihifadhi, kwa sababu nyingine zinatoka dukani zikiwa mgonjwa. Iliyotolewa haipandi gari tena. Msisubiri bei ishuke: nyingi zinatoka Slovakia, Urusi na China tu, na Machi 2022 Urusi ilipozuia kuziuza nje, waliokuwa na jozi kabatini walijua kwa nini.

5. Usiwashe amplifaya ya tyubu bila spika. Na ile iliyoletwa na shemeji kutoka Marekani, soma mgongoni kabla ya kuichomeka ukutani: ikiandikwa volti 120, tafuta transfoma ya kushusha.

6. Ufunguo wa katikati ya tako la tyubu ukivunjika, tyubu inaingia upande wowote, na upande wa kweli ni mmoja. Usibahatishe.

Dogo wa Jumamosi, nilikufokea mbele ya watu, samahani kwa hilo. Wiki hii mazoezi ni saa kumi, wewe njoo saa tisa. Lete soksi yako, mimi naleta mita.