Kwa vijana wa fildi mnaoanza kupima plastiki zinazooza

Wadogo zangu, rasimu zenu nimezisoma zote. Bidii naiona, na nawapenda kwa hilo. Lakini sentensi ya "sampuli imeoza kwa sababu imepungua uzito" imerudi tena, kama ilivyorudi kwa kila kundi lililopita kabla yenu. Naomba tuimalize mwaka huu.

1. Jua unachopima kabla hujawasha tanuri. Kutokana na mmea ni jambo moja, kuoza ni jingine. Plastiki iitwayo PLA hutoka kwenye sukari ya mahindi au miwa, na inaoza ikipata mazingira yake. Nyingine, PBAT, hutoka kwenye mafuta ya petroli, na vijidudu huila vilevile. Polietilini, plastiki ya mifuko ya kawaida, ile ya miwa inayotengenezwa Brazil haiozi, hata kama malighafi yake ilikuwa shambani jana. PHA, plastiki nyingine inayooza, hutengenezwa na bakteria wenyewe ndani ya miili yao kama akiba ya chakula. Tone la ayodini likigeuka bluu nyeusi kwenye nailoni, umethibitisha kuwa kuna wanga, basi. Kilichochanganywa na huo wanga hujakijua bado.

2. Mizani haipimi kuoza. Hapa nitakaa kidogo. Kuna kijana mmoja, mchapakazi kweli, alipewa mfuko wenye picha ya jani la kijani na maandishi kwamba unaoza wote. Akauanika juani kama mteja alivyotaka, kisha akaufukia kwenye mboji. Wiki kumi na mbili zilipotimia akachekecha kwa chekeche la milimita 2, juu hapakubaki kitu. Alikuja mbio na karatasi mkononi, furaha imemjaa, na kwa kuwa siku hiyo kila mtu alikuwa na haraka, ripoti ikasainiwa ikaenda.

Grafu ya respirometa, kifaa kinachopima hewa ukaa wanayotoa vijidudu wakila, ilikuwa palepale mezani. Mstari wa hewa ukaa wa mtungi wa sampuli ulikuwa umelaliana na ule wa mtungi wa mboji tupu. Maana yake vijidudu havikula chochote. Mboji iliyopita kwenye chekeche ilipokorogwa ndani ya maji ya chumvi, vikaelea vipande vyembamba vinavyong'aa kama magamba ya dagaa. Vikapelekwa kwenye mashine ya infraredi inayotambua aina ya plastiki: polietilini. Ulikuwa mfuko wa oxo, yaani polietilini ya kawaida iliyotiwa chumvi za metali kama manganizi au kobalti ili jua na joto viikatekate. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku bidhaa za aina hiyo kwa agizo la 2019, likaanza kutumika Julai 2021, kwa sababu hiyohiyo: plastiki haiondoki, inakuwa vumbi tu. Kumwandikia mteja kwamba cheti chake kinafutwa, wakati mzigo umeshaagizwa, ni barua ambayo sitaki mmoja wenu aje kuiandika.

Na hata plastiki ya wanga halisi hukudanganya. Gliserini iliyotiwa kuilainisha huyeyuka na maji, uzito unashuka, wala hakuna kilicholiwa. EN 13432, kiwango cha Ulaya cha vifungashio vinavyooza kwenye mboji, inadai asilimia 90 ndani ya miezi 6, na asilimia hiyo ni ya kaboni iliyogeuka hewa ukaa.

3. Andika joto, kila ukurasa. Mitungi yetu ya mboji iko nyuzi 58. PLA huanza kulegea kwenye 60 hivi, na chini sana ya hapo hukaa miaka. Kikombe cha PLA kikitupwa Mto Msimbazi hakitakutana na nyuzi 58 popote mpaka baharini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth walichapisha 2019 kwamba mfuko ulioandikwa kuwa unaoza ulikaa miaka 3 udongoni na baharini, na bado ungeweza kubebea bidhaa za dukani. Ule ulioandikwa kuwa unaoza kwenye mboji ulitoweka baharini ndani ya miezi 3, lakini udongoni ulikuwepo baada ya miezi 27. Kwenye dampo, vitu vinavyooza bila hewa hutoa methani, nalo liandikeni.

4. Selulosi ya ulinganisho, ile tunayojua kwamba inaoza, isipofika asilimia 70 ya kuoza siku ya 45, jaribio limekufa, rudia. Unyevu ukaguliwe na mitungi itikiswe kila wiki. PLA isiingie kwenye gunia la chupa za PET, yaani chupa za maji na soda. Hata kidogo huharibu kazi ya warejelezaji.

5. Msiichukie plastiki hii. Nyuzi za kushonea vidonda zinazoyeyuka mwilini zimo humu, na mifuko ya mabaki ya jikoni inayokwenda moja kwa moja kwenye kiwanda cha mboji ni matumizi mazuri. Nailoni ya kufunika matuta ndiyo ninayoipenda zaidi, maana ya kawaida ikichanika shambani hakuna anayeweza kuiokota yote. Lakini hiyo ina kiwango chake, EN 17033: asilimia 90 ndani ya miaka 2, kwenye udongo wa nyuzi 25 hivi. Sampuli za matuta zimefika asubuhi hii. Zianzeni kwenye mitungi ya udongo, msizipeleke kwenye ile ya 58.