Mashine Ichape, Mkono Uandike Jina

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama mtu anaweza kuunganisha taaluma inayompa mshahara na kazi ya mikono anayoipenda bila moja kuimeza nyingine. Mimi ni mbunifu wa michoro katika ofisi ya matangazo hapa Dar es Salaam, na baada ya saa za kazi hutengeneza kadi kwa mkono: za harusi, za Idi, za Krismasi, za pole na za kumpongeza mama aliyejifungua. Jibu langu ni kwamba inawezekana, tena kwa faida ya pande zote mbili, ilimradi mtu ajue kwa hakika ni sehemu gani ya kadi inayostahili mkono na ni ipi inayoweza kuachiwa mashine.

Nianze na kile ambacho kadi zimeipa ajira yangu. Mbunifu anayeshinda mbele ya kompyuta huzoea kuiona karatasi kama nafasi nyeupe tu, ilhali karatasi ina tabia zake. Chukua karatasi ngumu ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ipinde taratibu upande mmoja bila kuikunja, kisha ipinde upande wa pili. Utahisi upande mmoja ukikubali na mwingine ukigoma, kwa sababu nyuzi zake zililazwa kuelekea upande mmoja tangu kiwandani. Ukikunja kwa kuzifuata nyuzi hizo, mkunjo hunyooka na kuwa laini. Ukikunja kwa kuzikatiza, uso wa karatasi hupasuka, na kama mahali hapo pamechapwa rangi nzito, weupe huchungulia kwenye ufa. Somo hilo limeingia kwenye vidole vyangu kupitia kadi, na leo ninapoandaa kipeperushi cha kukunja kwa ajili ya mteja, jambo la kwanza ninalozungumza na mchapaji ni mwelekeo wa nyuzi, kabla karatasi haijakatwa. Rangi nayo ni vivyo hivyo: skrini huiunda kwa mwanga, mashine huiunda kwa wino, na aliyezoea kuchanganya rangi kwa brashi hashangai kuona kijani kilichong'aa kwenye kompyuta kikitoka kimefifia kwenye karatasi.

Ofisi nayo imezipa kadi zangu nidhamu. Naanza na bahasha kabla ya kuanza na ua, kwa kuwa kadi ya milimita 105 kwa 148 hutulia vizuri katika bahasha ya milimita 114 kwa 162, na kadi nzuri isiyoingia kwenye bahasha ni hasara kwa mteja. Kwa kadi za Idi na za harusi za pwani hufuata mpangilio wa kanga, yaani pindo linalozunguka pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani ule msemo wa kanga, chini ya mji, kwani sijaona mpangilio mwingine unaolichukua pambo zito na maandishi machache kwa utulivu kiasi hicho.

Lakini mahali ambapo kazi hizi mbili hukutana hasa ni kwenye kadi ya mwaliko wa harusi. Kila msomaji ameishika: familia ya fulani inayo furaha kukualika, kisha msururu wa vyeo, Prof., Dkt., Mch., Bw., Bi., na baada yake mstari wa nukta wa kujaza jina. Wabunifu wengi huuchukulia mstari huo kama mabaki, wakaufanya mfupi, na mjumbe wa kamati akalazimika kubananisha jina la mgeni, cheo chake na la mwenzi wake kwa kalamu ya kawaida. Mimi naamini kwamba huo ndio mstari wenye thamani kuliko yote, kwa sababu ukumbi, saa na majina ya maharusi ni ya watu wote walioalikwa, ila jina lile ni la mgeni huyo peke yake. Kwa hiyo maelezo yote huyaachia mashine, nauacha mstari wa jina ukiwa mrefu na mpana, na majina huyaandika mwenyewe kwa kalamu ya nibu. Ndiyo sababu pia huchagua karatasi isiyopakwa utando wa kung'aa, kwa maana utando huo huukataa wino, na herufi huchafuka kwa kuguswa tu.

Mgawanyo huu si wangu wala si mpya. Kadi ya Krismasi inayotambuliwa kuwa ya kwanza kuuzwa, ambayo mtumishi wa serikali Henry Cole alimwagiza mchoraji John Callcott Horsley huko London mwaka 1843, ilichapwa kwa mashine, ikatiwa rangi kwa mkono, na ikaachiwa nafasi ya kuandika jina la mpokeaji na la mtumaji.

Siku hizi mialiko mingi hufika kwa simu, na mimi mwenyewe huisanifu kazini kwa moyo wote, kwa sababu inaokoa fedha na kumfikia ndugu aliye mbali siku hiyo hiyo. Ushauri ninaowapa maharusi ni kuwatumia wageni wengi kadi ya simu, na fedha zilizobaki wazitumie kwa kadi chache za mkono kwa wazazi, mashangazi, wajomba na wasimamizi wa ndoa. Oda ya namna hiyo naimudu bila kukesha, na bei yake naipanga kwa saa nitakazotumia, wala si kwa karatasi nitakayonunua. Mwajiri wangu analijua jambo hili tangu mwanzo, na tumekubaliana kwamba sitatumia mashine za ofisi kwa kadi zangu, na kwamba mteja wa ofisi akitaka kadi za mkono, oda yake itapitia ofisini kwanza.