Chafya kila asubuhi na madoa meusi ukutani: rangi isubiri, tafuta maji kwanza

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mkupuo: pua kuziba na chafya kila ukiamka, mtoto kukohoa usiku, na ukuta wa chumbani wenye madoa meusi ambao mwenye nyumba anataka kuupaka rangi wiki ijayo. Naanza na la rangi kwa sababu ndilo lenye haraka. Mwombe asubiri. Rangi ikipakwa juu ya ukungu inashika ukungu, haishiki plasta. Unyevu ukiendelea itavimba, itabanduka, na madoa yatarudi palepale. Tena ukishapaka unapoteza alama zinazoonyesha maji yanatoka wapi.

Kujua yanatoka wapi si kazi ya kubahatisha. Chukua foili ya jikoni, kata kipande cha sentimita 30 kwa 30, futa ukuta ukauke, kisha kibandike kwa selotepu kingo zote nne bila kuacha mwanya. Kiache saa 24 hadi 48. Ukikuta matone upande wa chumbani, maji yanatoka hewani: mvuke wa ndani unakutana na ukuta wa baridi. Ukibandua ukakuta foili imelowa upande wa nyuma, ukuta wenyewe ndio uliobeba maji. Hapo angalia umbo la doa. Unyevu unaopanda kutoka ardhini huanzia chini, kwa kawaida hauzidi kama mita moja, na huacha mstari wa unga mweupe wa chumvi. Doa linalokua baada ya mvua linatoka kwenye paa, mfereji wa paa au ufa wa nje. Lisilojali mvua wala jua, shuku bomba: funga koki zote, andika namba za mita ya maji, kaa saa mbili bila mtu kutumia maji, soma tena. Namba zikisogea, kuna bomba linalovuja.

Bomba, paa na unyevu wa ardhini ni kazi ya mwenye nyumba. Mvuke ni wenu wote wawili: yeye anadaiwa dirisha linalofunguka na njia ya hewa bafuni, wewe unadaiwa kutoanika nguo chumbani, kufunika sufuria zinapochemka, na kusogeza kabati sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye ukuta wa nje. Jiko la gesi nalo hutoa mvuke likiwaka, kwa hiyo dirisha la jikoni liwe wazi wakati wote wa kupika. Nunua kipima unyevu kidogo cha mezani. Lenga asilimia 50 au chini yake. Unyevu ukikaa juu ya 60 siku nyingi, ukungu utarudi hata usafishe vipi. Siku ambayo hewa ya nje imelowa kuliko ya ndani, kufungua dirisha hakukaushi kitu. Hapo elekeza feni kwenye ukuta, ukishausafisha ukungu.

Kusafisha: eneo lisilozidi mita moja ya mraba unaweza mwenyewe. Likizidi, au kama ni maji ya choo yaliyoingia, dai fundi anayejua kazi hiyo. Vaa barakoa ya N95, glavu na miwani, mtoto atoke, mlango ufungwe, dirisha liwe wazi. Usikwangue pakavu, maana vijimbegu vya ukungu vitaruka chumba kizima. Lowesha kwanza kwa maji ya sabuni, sugua, futa kwa kitambaa ambacho utakitupa, kisha kausha kabisa. Dawa ya klorini inafaa kwenye vigae. Kwenye plasta na mbao maji yake huzama ndani na klorini hubaki juu, kwa hiyo unalisha mizizi ya ukungu. Na usiichanganye kamwe na siki, amonia wala dawa ya choo yenye asidi, kwani hutoa gesi inayounguza mapafu. Bodi ya dari, zulia au godoro vilivyoingiwa na ukungu ndani havisafishiki. Tupa.

Sasa chafya za asubuhi. Hapa wengi hupigana na ukuta wakasahau godoro. Dalili zinazokuwa kali kitandani na mara tu unapoamka hunifanya nishuku utitiri wa vumbi kabla ya ukungu. Ni wadudu wa kama theluthi moja ya milimita, hawaumi, wanakula magamba ya ngozi zetu na kunyonya unyevu kutoka hewani. Kinachokusumbua hasa ni kinyesi chao. Ukikung'uta mto kinapaa, na baada ya kama nusu saa kimeshatua tena. Ndiyo maana mashine ya kusafisha hewa haisaidii sana hapa, na ndiyo maana mwenye aleji asiwemo chumbani kitanda kinapotandikwa.

Fua shuka na foronya kila wiki kwa maji ya nyuzi 60. Maji baridi huondoa kinyesi kingi lakini wadudu wanabaki hai. Godoro na mito viingie kwenye mfuko wa zipu unaofunika pande zote sita, wenye kitambaa cha matundu yasiyozidi mikroni 10 (sehemu moja ya mia ya milimita). Shuka ya lastiki haitoshi kwa sababu upande wa chini unabaki wazi. Midoli ya kitambaa iweke friza kwenye mfuko kwa saa 48, kisha ifue, maana baridi huua utitiri lakini haiondoi uchafu wao. Sakafu deki kwa kitambaa kibichi, usifagie kavu.

Kikohozi cha mtoto usikiache kiwe suala la usafi tu. Kukohoa usiku mara kwa mara kunaweza kuwa pumu hata kama hukusikia mluzi kifuani, kwa hiyo aonwe na daktari. Mende pia ni chanzo kikubwa: kinyesi, mate na maganda yao yakikauka huwa vumbi. Dawa ya kupuliza huwatawanya na yenyewe hukera mapafu. Tumia jeli, matone madogo kama punje ya mchele kwenye bawaba za kabati, chini ya sinki na nyuma ya friji, mbali na mikono ya mtoto, wala usipulize dawa karibu nayo kwani hawataigusa. Wakishakufa, osha kabati kwa sabuni. Mabaki yao huendelea kusumbua. Uliza pia kama mpangaji aliyetangulia alifuga paka: chembe za paka zinazoleta mzio hubaki ndani kwa miezi kadhaa baada ya paka kuondoka.

Mtoto akipumua kwa shida, akashindwa kumaliza sentensi, mbavu zikivutwa ndani au midomo ikigeuka bluu, hospitali saa hiyohiyo.

Kwa wiki mbili andika dalili, saa, na mlilala wapi. Mkipata nafuu mkilala kwingine, daktari ana pa kuanzia. Akikupangia kipimo cha mzio cha kuchoma ngozi, mwambie dawa za aleji unazotumia, maana nyingine husimamishwa siku kadhaa kabla.

Kwa mwenye nyumba andika ujumbe, usiishie kwenye simu: tarehe ulipoona doa, picha zenye rula pembeni, jibu la foili na mita, na ombi moja tu, azibe chanzo, plasta ikauke, ndipo apake rangi. Usizuie kodi kabla hujauliza sheria inasemaje.

Na mkiishia kuhama, mfuko wa godoro uvae kabla ya kupakia mizigo, kwa sababu utitiri unasafiri na godoro. Nyumba mpya ikague nyuma ya makabati, chini ya sinki na kwenye kona za dari, na ukiona ukuta mmoja tu umepakwa rangi mpya, uliza kwa nini.