Kamera ile ile, bei mbili: toa kodi kwanza ndo ulinganishe

Mkuu umeuliza kwa nini kamera moja Marekani inaonekana rahisi afu Uingereza iko juu, wakati zote zinatoka kiwanda kimoja. Nimeagiza kamera na lenzi nje miaka mingi, zangu na za watu, ngoja nikwambie navyoiona.

Cha kwanza ni kodi, na hapa ndo wengi wanachanganywa na bei ya tangazo. Marekani bei unayoiona haina kodi ya mauzo, inaongezwa ukifika kulipa na inategemea jimbo, Oregon hawana kabisa, California inaanzia asilimia 7.25 na miji mingine inazidi hapo. Uingereza bei ya dukani tayari ina VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 20, Ujerumani 19, Japani 10 tangu Oktoba 2019, Hong Kong hawana kodi hiyo. Kwahiyo kamera ikiandikwa pauni 1,200 Uingereza, pauni 200 hapo ni za serikali, zitoe kwanza ndo ulinganishe, utaona pengo linapungua sana.

Linalobaki mara nyingi ni sarafu. Kampuni inapanga bei ya kila soko na haiigusi kila wiki, so yen, pesa ya Japani, ikiporomoka kama 2022 ilipovuka 150 kwa dola moja, mzigo wa Japani unakuwa kama wa bure kwa mwenye dola mpaka siku watakapopandisha bei kule. Kipindi kile lenzi nyingi nilizochukua zilitoka huko. Kuna na ukubwa wa soko, penye maduka mengi yanayogombania wateja punguzo haziishi, penye msambazaji mmoja tu bei anapanga yeye na huna pa kwenda.

Sasa usikimbilie kuagiza. Nchi nyingi ushuru unapigwa kwenye bei ya kamera pamoja na usafiri na bima, afu VAT inapigwa juu ya jumla yote hiyo ushuru ukiwa ndani, yaani unalipia kodi juu ya kodi, na kampuni ya usafirishaji nayo inachaji kukutolea mzigo. Piga hesabu mpaka mlangoni kwako. Uliza pia waranti, nyingi zinafanya kazi kwenye nchi au ukanda ilikouzwa tu, fundi rasmi wa kwako anaweza kuikataa kamera yako hata ukiwa tayari kulipa. Na kamera nyingi za Sony za soko la Japani menyu ni Kijapani tu, huwezi kubadili lugha, muuzaji akikaa kimya hapo mbane akujibu kwa maandishi.

Mimi lenzi naagiza popote, haina menyu na ikitunzwa inadumu. Bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, nachukua kwa wakala rasmi wa nchi niliyopo hata ikizidi kidogo, maana shata (kifunga mwanga) na sensa (kinachonasa picha) zikileta shida nataka mtu wa kumpelekea.