Perege Anaharibikia Bwawani, Siyo Barabarani

Maswali ya wasomaji kuhusu samaki, kuanzia ndoano mpaka sufuria

SWALI: Shikamoo anko. Mi niko Moshi, Majengo. Nina kayaki ya plastiki, zile za kukaa juu, niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama mji. Jumamosi huwa naenda bwawa la Nyumba ya Mungu na mshkaji wangu, tunaingia majini saa kumi na mbili na nusu asubuhi tunatoka saa sita jua likishakuwa kali. Perege nawapata vizuri tu, shida ni nikifika nyumbani. Nikivua namtunga kwenye kamba naifunga pembeni ya kayaki anabaki majini, nikitoka nawaweka wote kwenye ndoo nafunika na majani ya migomba, tukifika Kifaru nanunua barafu namwagia juu. Sasa wiki mbili mfululizo mke wangu anawafungua anakuta matumbo yamelainika, wengine yameshapasuka kabisa, anawatupa. Nakosea wapi? Na kumbuka kwenye kayaki hamna nafasi ya boksi kubwa.

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeeleza vizuri mpaka nimeona kosa lilipo kabla sijamaliza kusoma, na siyo la barabarani wala la mkeo. Samaki wako wanakuwa wameshaharibika kabla hujakanyaga nchi kavu.

Fikiria perege wa kwanza, yule wa saa moja asubuhi. Umempitisha kamba mdomoni, anaburuzwa kila ukipiga kasia, hawezi kupumua vizuri, na maji ya juu kule tambarare yanapata joto haraka jua likipanda. Huyo hafiki saa tatu. We unamuona yupo majini unajua yupo salama, kumbe ni maiti ndani ya maji ya vuguvugu, na samaki aliyekufa kwenye maji ya digrii 25 na zaidi ni sawa na aliyeachwa juu ya meza jikoni. Ukitoka saa sita ana masaa matatu au zaidi tangu afe, unaongeza nusu saa ya kufungasha, unaongeza njia, ndo unafika Kifaru unanunua barafu. Barafu haimrudishi samaki alikotoka, inamsimamisha pale alipofika, na wako alikuwa ameshafika mbali.

Tumbo kupasuka nako kuna sababu yake. Perege anakula mwani na vijidudu vya majini, ukimvua asubuhi mara nyingi tumbo limejaa, na akifa zile juisi za kusagia chakula haziachi kazi, zinaendelea kusaga na zikikosa chakula zinasaga ukuta wa tumbo lenyewe. Bakteria wa utumboni na wa kwenye mashavu wanaingia hapohapo. Joto ndo linawapa kasi wote, ukishusha joto mpaka karibu na sifuri wanapunguza mwendo kiasi ambacho perege aliyewekwa barafu vizuri tangu mwanzo anakaa zaidi ya wiki akiwa bado analika. Samaki wa nchi za joto kama wetu wanavumilia barafu muda mrefu kuliko wa kule kwenye maji ya baridi, kwa sababu bakteria wao wamezoea joto, baridi inawapiga sana. Yani tumepewa samaki anayetunzika alafu tunamuua kwa kamba!

Na hiyo kamba nakuomba uiache leo leo hata ungekuwa husomi chochote kingine hapa. Lile bwawa lina mamba. Kayaki imekaa chini karibu na maji, we umening'iniza samaki wanaotapatapa na kutoa damu sentimita chache kutoka kwenye paja lako. Waulize wavuvi wa pale sehemu gani hawapiti na we usipite, usiende kwenye matete alfajiri, vaa jaketi la kuokolea muda wote na msiachane na mshkaji wako. Mi kusema ukweli kule ningependa zaidi mtumbwi mkubwa wa wenyeji kuliko kayaki, ila najua hutanisikiliza kwa hilo kwa hiyo angalau kamba itoe.

Sasa cha kufanya. Samaki akiingia tu kwenye kayaki muue hapohapo, rungu dogo la mti mgumu, pigo moja la nguvu juu ya kichwa nyuma kidogo ya macho. Najua wapo wanaosema mwache afe mwenyewe, mi sikubaliani kabisa, kwanza ni mateso, pili samaki anayehangaika dakika kumi kwenye plastiki ya moto anatumia nguvu yote iliyokuwa kwenye nyama, anakakamaa haraka na nyama yake inakuja kuachana vipande vipande kwenye kikaango. Ukishamuua ingiza kisu kidogo chini ya mashavu, kata pande zote mbili, mwinamishe kichwa chini kwenye kindoo chenye maji kidogo damu itoke, dakika tano zinatosha. Kwenye kindoo, siyo pembeni ya kayaki, sababu nimeshakwambia. Angalia miiba ya mgongoni wakati unamshika, ilaze kutoka kichwani kuelekea mkiani usichomwe.

Akishatoka damu aende kwenye baridi muda huohuo. Usisubiri wafike watano ndo ufungue boksi.

Kuhusu nafasi, huhitaji boksi kubwa kama unavyodhani. Kiasi cha kufuata ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Watu wanaona ni nyingi, ila hesabu yake iko hivi: barafu kilo moja ikiyeyuka inanyonya joto la kutosha kushusha maji kilo nne kutoka digrii 20 mpaka sifuri, kwa hiyo kumpoza samaki peke yake ungehitaji kama robo tu ya uzito wake, hiyo inayobaki ni ya kupigana na jua linalopenya kwenye boksi kutwa nzima mpaka unafika Majengo. Ukitegemea kilo tano za perege beba barafu kilo tano au sita. Chupa nne za maji za lita moja na nusu zilizoganda ni karibu kilo sita hizo, zinakaa kwenye friza ya nyumbani kuanzia Alhamisi na hazikugharimu kitu. Usizijaze mpaka juu, maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9, chupa itapasuka.

Chupa zina udhaifu mmoja, zinagusa samaki sehemu ndogo tu. Hapa ndo wengi wanapokosea hata wakiwa na barafu ya kutosha, samaki anakaa juu ya chupa, upande mmoja baridi upande mwingine vuguvugu. Dawa yake ni kuweka pia barafu iliyopondwa kilo moja au mbili alafu umimine maji safi ya baridi kutoka nyumbani kama lita mbili na chumvi ya mawe konzi moja, unapata kama uji wa barafu. Samaki akizama kwenye huo uji baridi inamgusa kila mahali mpaka ndani ya mashavu, anapoa mara nyingi haraka kuliko akilala juu ya mabonge makavu. Usitumie maji ya bwawa kutengenezea uji, utakuwa unamwogesha kwenye uchafu uleule.

Boksi lenyewe, kama huna hela ya lile la plastiki nene tumia lile jeupe jepesi linalomeguka vipunje, lile wanaloletea samaki kutoka mikoani, liingize ndani ya kiroba ulifunge lisimeguke. Lala nalo limewekwa chupa moja ya barafu ndani tangu usiku, boksi lililoshinda kwenye gari la moto litakula barafu yako kabla hujavua hata mmoja. Kwenye kayaki liweke nyuma ya kiti, chini kabisa, lifunge kwa mpira wa bodaboda pande mbili, usiliweke juu ya kitu kingine maana uzito ukipanda juu kayaki inayumba na upepo wa mchana wa pale unaujua. Juu yake tandika gunia la katani lililoloweshwa, kila likikauka lichovye tena, kule hewa ni kavu na upepo upo, maji yakikauka kwenye gunia yanaondoka na joto. Hayo majani yako ya migomba yatumie hapa juu ya samaki ndani ya boksi, ni masafi na yanazuia hewa ya moto ukifungua, lakini yenyewe peke yake hayapozi kitu.

Kutumbua subiri ufike nchi kavu, samaki mzima kwenye uji wa barafu anakaa masaa sita bila shida yoyote. Ila usifike nyumbani na utumbo. Ukitoka tu majini kaa kivulini, toa utumbo na mashavu yote, futa ule mstari wa damu kwenye uti wa mgongo, suuza kwa maji safi, mwaga uji wa zamani. Kuanzia hapo asilale tena kwenye maji, aliyepasuliwa akikaa majini muda mrefu nyama inakuwa kama sponji, kwa hiyo mfunge kwenye mfuko au mpange na barafu huku boksi likiwa na tundu la kutolea maji chini. Barafu ya Kifaru nunua hapo sasa, ya kujazia.

La mwisho kwako, boksi likijaa acha kuvua. Lile bwawa limewahi kufungwa kwa muda ili samaki waongezeke, na wewe wiki mbili umetupa ndoo mbili. Mi mwaka mmoja nilipoteza perege kumi na moja kwa siku moja kwa kiburi cha kusema barafu nitanunua mbele, nakumbuka nilivyowafukia chini ya mgomba, imenikaa mpaka leo. Na kabla ya Jumamosi ijayo pita kwa afisa uvuvi uulize kama bwawa liko wazi na unatakiwa kuwa na leseni gani.

SWALI: Habari za kazi kaka. Kambale nasikia hata ukimtoa majini hafi, kwa hiyo yeye si nimweke tu kwenye kiroba chini ya miguu mpaka nifike nyumbani Mwanga?

JIBU: Salama dadaangu. Ni kweli kambale anavumilia, nyuma ya mashavu ana kiungo kimejikunja kama koliflawa kinachomsaidia kuvuta hewa ya kawaida, akiwa na unyevu anakaa masaa mengi. Ila kiroba cha plastiki juani ni oveni, ngozi yake haina magamba inakauka, utafika naye amekufa na hujui saa ngapi. Kama kweli unataka afike hai tumia gunia la katani lililolowa, kivulini, asibanwe na wenzake. Mi binafsi ningemuua palepale na kumweka kwenye barafu kama perege, ila ile miiba miwili ya kwenye mapezi ya mbele iheshimu, inachana mkono.

SWALI: Anko shikamoo, niko Arusha, Njiro. Desemba tunaenda Tanga na kayaki mbili, tunataka kujaribu baharini, vibua na jodari wadogo. Hayo mambo ya barafu ni yaleyale?

JIBU: Marahaba. Ni yaleyale ila kule ukizembea kosa ni kubwa zaidi, soma hapa taratibu. Perege aliyeharibika atakwambia mwenyewe kwa harufu. Vibua, jodari na nguru siyo hivyo, nyama yao wakikaa kwenye joto bakteria wanatengeneza sumu inaitwa histamini, na samaki anaweza kuwa nayo huku anaonekana mzuri tu, hanuki. Ikishatengenezwa haitoki, kaanga, chemsha, choma, gandisha, iko palepale. Mtu akila uso unakuwa mwekundu na moto, mdomo unachonyota, kichwa kinauma, mwili unawasha, wengine wanatapika, na inaanza ndani ya dakika chache mpaka saa moja au mbili hivi. Ikitokea nendeni hospitali na mseme mlikula samaki gani.

Kwa hiyo jodari akitoka majini, rungu, damu, barafu, usipige picha kwanza. Bahari inawapa zawadi moja, maji yake yana chumvi tayari, ukichota maji safi mbali na ufukwe ukachanganya na barafu nyingi unapata uji unaoshuka chini kidogo ya sifuri, hakuna njia nzuri zaidi ya hiyo kwenye kayaki. Na msifikirie kuwarudisha Arusha kwa barafu ya siku ya kwanza, ni safari ya kutwa nzima, badilisheni barafu njiani au kuleni hukohuko.

SWALI: Kaka mambo. Hapa Usa River kuna mzee ana bwawa la perege anatuacha tuvue kwa ndoano tunalipia kwa kilo. Nimefuata barafu, nimefuata kila kitu, macho yanang'aa mashavu mekundu lakini akipikwa ana harufu ya tope. Ameharibika?

JIBU: Poa mwanangu. Hajaharibika, kula. Hiyo harufu inatoka kwenye aina za mwani na bakteria wa kwenye tope la bwawani, wanatoa kitu kinaitwa jiosmini, samaki anakivuta kupitia mashavu na kinakaa kwenye mafuta yake, barafu haikigusi. Mchune ngozi, toa mafuta ya tumboni na ile nyama nyeusi ya ubavuni, mloweke kwenye ndimu au siki nusu saa, itapungua sana. Na mwambie mzee kwa heshima kwamba samaki wa kuuza awahamishie kwenye tanki la maji safi yanayopita, siku kadhaa bila kuwalisha, wenyewe wataitoa hiyo harufu.